Uso wa Kipa

Ilikuwa tarehe 1 Novemba 1959, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York. Mchezo wa hoki ya barafuni kati ya wenyeji, New York Rangers, na Montreal Canadiens kutoka Kanada ulikuwa haujafika hata dakika tano pale Andy Bathgate wa Rangers alipopiga kisahani kikampata puani kipa wa wageni, Jacques Plante. Plante alianguka, damu ikatapakaa juu ya barafu. Wakamwinua, wakamwingiza ndani, daktari akaanza kumshona, na watu waliojaa ukumbini wakakaa kusubiri dakika ishirini hivi. Hapakuwa na namna nyingine ila kusubiri, kwa sababu siku zile timu ilisafiri na kipa mmoja tu. Aliporudi, fulana yake ilikuwa ingali na damu, na uso wake haukuonekana tena. Alikuwa ameufunika kwa gamba la faibaglasi lenye matundu mawili ya macho na mwanya wa mdomo. Canadiens walishinda 3 kwa 1.

Wanaosimulia historia ya mchezo huu hupenda kumfanya Plante mvumbuzi, mtu aliyeona mbali kuliko wenzake, na simulizi likaishia hapo: kabla yake giza, baada yake nuru. Sikubaliani na simulizi hilo. Barakoa haikuwa jambo geni mwaka 1959, na wala hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba mpira mgumu ukimpiga mtu usoni humuumiza. Kilichokuwa kipya usiku ule ni kwamba aliyekuwa akiumia alikataa kuendelea, na akakataa katika saa ambayo waliomwajiri hawakuwa na mtu mwingine wa kumweka mahali pake. Usalama wa makipa uliletwa na kukataa huko, na mtu akiuona hivyo ataielewa vizuri zaidi historia nzima ya vichwa na nyuso katika mchezo huu, pamoja na vifo na majeraha yaliyokuja kabla na baada.

Kwanza tuelewe kipa alikuwa anasimama mbele ya nini. Kisahani hiki ni mpira ulioimarishwa kwa joto hadi ukawa mgumu, mviringo, unene wake sentimita 2.5 na upana wake 7.6, uzito wake kati ya gramu 156 na 170. Kabla ya mchezo hugandishwa ili kisidunde ovyo juu ya barafu, kwa hiyo kinachomjia kipa ni kama kipande cha jiwe. Mchezaji hodari hukipiga kwa gongo kikaenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa, mara nyingi kupitia katikati ya msitu wa miguu, kiasi kwamba kipa hukiona kikiwa kimeshamfikia. Lango lenyewe ni dogo, upana wa sentimita 183 na urefu kwenda juu 122, basi kipa huinama ili aone chini ya wachezaji waliomziba, na akiinama uso wake unakuwa sawasawa na njia ya kisahani. Miguu na kifua vilikuwa na kinga nene tangu zamani. Uso ulibaki mtupu. Mwaka 1966 jarida la Life lilimpiga picha Terry Sawchuk, mmoja wa makipa wakubwa waliopata kutokea, baada ya msanii wa vipodozi kumchorea usoni majeraha yote aliyowahi kushonwa, makovu mapya na ya zamani kwa pamoja. Ukiitazama picha ile huhitaji takwimu nyingine. Shavu, kope, midomo, paji la uso, kila mahali pana mshono uliopandana na mshono.

Na dawa ilikuwepo. Mwaka 1927, miaka 32 kabla ya usiku wa Plante, Elizabeth Graham, kipa wa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Queen's kule Kingston, Ontario, aliingia barafuni amevaa barakoa ya waya ya wachezaji wa vitara. Mwaka 1930 Clint Benedict wa Montreal Maroons, baada ya mkwaju wa Howie Morenz kumvunja pua, alivaa barakoa ya ngozi kwa michezo michache, akaitupa kwa sababu sehemu iliyolinda pua ilimzuia kuona vya chini. Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936, kule Garmisch-Partenkirchen, kipa wa Japani Teiji Honma alicheza na barakoa mfano wa ile ya wadakaji wa besiboli. Tazama ni akina nani hawa. Ukimwondoa Benedict, waliojifunika mapema ni mwanafunzi wa chuo na mchezaji wa ridhaa kutoka nchi ambayo hoki haikuwa ajira ya mtu. Walikuwa huru kuulinda uso wao kwa kuwa hakuna tajiri aliyekuwa akiwalipa kwa sharti la kuuacha wazi. Benedict peke yake ndiye aliyekuwa mtu wa ligi ya kulipwa, naye aliivaa barakoa ikiwa pua imeshavunjika, akaiacha upesi, na ligi ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapa ndipo hesabu ya ajira inapoingia, nami naona bila hesabu hiyo mtu hataelewa chochote. Kuanzia 1942 hadi 1967 ligi kuu, NHL, ilikuwa na timu sita tu. Timu sita, kipa mmoja kila timu: nafasi sita duniani. Kipa aliyelalamika alijua kwamba katika ligi ndogo kuna vijana wengi wanaoomba usiku na mchana mmoja kati ya wale sita aumwe hata mafua. Wenye timu nao walijua kwamba anajua. Mwaka 1957 Ted Lindsay wa Detroit alipojaribu kuwaunganisha wachezaji katika chama cha kutetea haki zao, mwaka haukuisha akawa ameuzwa kwa Chicago, iliyokuwa dhaifu kuliko zote, na chama kikafa. Katika mauzo hayo hayo alikuwemo kipa kijana, Glenn Hall, ambaye tutamrudia. Katika mazingira kama haya neno ujasiri lilifanya kazi kubwa. Kocha hakuhitaji kumwambia kipa kwamba barakoa imepigwa marufuku, maana hakuna kanuni iliyoikataza. Ilitosha kusemwa kwamba mwanamume hujikaza, na kwamba kipa anayejifunika ameshaogopa. Jamii nyingi zinaujua mtihani huu. Kijana wa jandoni naye huambiwa asipepese macho mbele ya kisu. Lakini jandoni kisu hupita mara moja, na anayemwambia kijana ajikaze ameshapita chini ya kisu hicho hicho yeye mwenyewe. Mwenye timu ya hoki alikaa kitini, juu kabisa, nyuma ya kioo. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na katika ligi ile waliopanga kipa awe jasiri kiasi gani hawakuwa wamelala kaburini hata siku moja.

Plante alikuwa mtu wa pekee, hilo silikatai. Alizaliwa mwaka 1929 katika jimbo la Quebec, mtoto wa kwanza kati ya kumi na mmoja, katika nyumba ambayo fedha zilikuwa haba. Pumu ilimzuia kukimbia barafuni kwa muda mrefu, ndipo akawa kipa. Alijifunza kufuma kwa mama yake, na alipokuwa mkubwa aliendelea kujifumia kofia za sufu bila kumwonea haya mtu. Alizoea kutoka langoni kwenda kukizuia kisahani nyuma ya nyavu na kuwapasia mabeki wake, jambo ambalo makipa wa wakati ule hawakulithubutu, na ambalo leo ni la kawaida. Mifupa ya uso wake ilikuwa imeshavunjwa mazoezini zaidi ya mara moja kabla ya 1959. Mtu aitwaye Bill Burchmore, mfanyakazi wa kampuni ya faibaglasi, alimwona akipigwa usoni katika mchezo wa 1958 na akamwandikia kumpa wazo la kinga inayobana ngozi. Wakamfunika Plante uso kwa plasta, wakapata sura yake, na juu ya sura hiyo wakalitengeneza gamba. Kocha wake, Toe Blake, alimruhusu kulivaa mazoezini. Kwenye michezo ya ligi alikataa.

Basi turudi kwenye chumba cha daktari pale New York. Plante analazwa, anashonwa, na Blake anaingia kumuuliza kama ataweza kuendelea. Plante anajibu kwamba ataendelea akiwa na barakoa, bila hiyo harudi. Blake alikuwa na njia gani nyingine? Kanuni ilimruhusu kumtumia kipa wa akiba aliyetolewa na wenyeji, na kipa huyo mara nyingi alikuwa mtu wa ridhaa au mfanyakazi aliyekuwa akisimama langoni siku za mazoezi. Kumpeleka mtu huyo akazuie mikwaju ya Bathgate ilikuwa sawa na kuutoa mchezo. Hoja za Plante zilikuwa zile zile alizozisema miezi yote: kwamba anaona vizuri, kwamba haogopi, kwamba uso wake umeshavunjwa vya kutosha. Blake alikuwa amezisikia na kuzikataa. Usiku huo hoja haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni uwezo wa kila upande. Kwa dakika ishirini kipa mmoja alikuwa na nguvu kuliko kocha, na alizitumia.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba basi Blake alishindwa usiku mmoja tu. Kilichoifanya barakoa ikae ni kwamba ilifanya kazi. Kuna ukweli hapo. Canadiens hawakupoteza mchezo kwa majuma kadhaa baada ya hapo. Tarehe 8 Machi 1960 Blake alimwomba aivue, Plante akakubali kwa mara moja, wakafungwa na Detroit 3 kwa 0, na tangu siku hiyo hakuombwa tena. Majira ya kuchipua walishinda michezo yote minane ya mtoano na kulitwaa Kombe la Stanley kwa mwaka wa tano mfululizo. Lakini tusiwe wepesi kuhesabu ushahidi huu. Timu ile ilikuwa na Jean Béliveau, Doug Harvey na Maurice Richard, nayo ilikuwa ikibeba kombe kabla ya barakoa. Na kufungwa mara moja kule Detroit hakuthibitishi kitu. Anayetaka ushahidi wa kweli kuhusu macho ya kipa mwenye barakoa atazame miaka ya mbele, Plante alipokuwa ameshaondoka Montreal na kundi lile la mabingwa. Msimu wa 1970–71, akiwa na umri wa miaka 42 katika timu ya Toronto, alifungwa kwa wastani wa mabao 1.88 kwa mchezo, wastani bora kuliko wa kipa yeyote katika ligi. Ushahidi huo mzito haukuwepo mwaka 1959. Blake hakuweza kuungoja, na Plante hakuweza kuuonyesha. Alihitaji kwanza kupewa nafasi ya kuuzalisha, na nafasi hiyo hakupewa, aliichukua.

Pingamizi zito zaidi ni hili: barakoa ingekuja tu, Plante awepo asiwepo. Mikwaju ilikuwa ikizidi ukali. Bernie Geoffrion, mwenzake Plante, alikuwa maarufu kwa kupiga kwa kuinua gongo juu. Bobby Hull na Stan Mikita wa Chicago walikuja kuyapinda magongo yao mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kisahani kikawa kinapinduka angani kipa asijue kitaangukia wapi. Hatari ikizidi, husemwa, watu hujilinda wenyewe. Hoja hii ingenishawishi kama tusingekuwa na mfano wa pili ndani ya mchezo huo huo, wa kuupima wa kwanza. Mfano huo ni kofia ngumu za wachezaji wa kawaida.

Tarehe 12 Desemba 1933, mjini Boston, Eddie Shore alimkumba Ace Bailey wa Toronto kwa nyuma. Kichwa cha Bailey kiligonga barafu, fuvu likapasuka, akawa kati ya uhai na mauti kwa siku kadhaa. Alipona, lakini hakucheza tena. Mwezi Februari 1934 ligi iliandaa mchezo wa kumchangia fedha mjini Toronto, Bailey akampa Shore mkono mbele ya umati, na watu walishangilia kwa nguvu. Shore mwenyewe alivaa kofia ya ngozi tangu hapo. Wengine hawakuvaa. Miaka ikapita thelathini na zaidi. Tarehe 13 Januari 1968 Bill Masterton wa Minnesota North Stars, mtu wa miaka 29, alisukumwa akaanguka kichalichali, kichwa kikapiga barafu, na baada ya siku mbili akafariki. Hakuwa na kofia. Je, kifo kililibadili lile ambalo jeraha la Bailey halikulibadili? Wachache walivaa. Kanuni ya kuwalazimisha ilikuja 1979, miaka 11 baada ya mazishi, na hata hapo iliwahusu tu waliokuwa wakiingia ligini wapya. Wa zamani waliachiwa uchaguzi, na wa mwisho wao, Craig MacTavish, alistaafu mwaka 1997 kichwa kikiwa wazi. Tangu Bailey hadi kanuni ni karibu miaka 46. Hatari ilikuwa wazi, dawa ilikuwa rahisi, mtu alikuwa amekufa mbele ya watazamaji, na bado desturi ilisimama. Mchezaji wa kawaida mmoja kati ya wengi, akikataa kuingia bila kofia, angeachwa benchi na mwenzake angeingia. Kipa wa mwaka 1959 hakuwa na wa kumwingilia. Tofauti ya mifano hii miwili iko hapo, wala haiko kwenye ukubwa wa maumivu. Na jambo moja zaidi: kuanzia msimu wa 1965–66 kila timu ilitakiwa kuwa na makipa wawili waliovaa tayari. Kama Plante angepigwa miaka sita baadaye, Blake angemgeukia aliyekaa benchi.

Kuna watakaosema kwamba kwa kusema haya nawavunjia heshima makipa waliocheza nyuso wazi, kana kwamba ujasiri wao ulikuwa hadaa tu ya wenye fedha. Sivyo. Nawaheshimu sana, na ninayemheshimu kuliko wote ni yule Glenn Hall aliyeuzwa pamoja na Lindsay. Kati ya 1955 na 1962 alicheza michezo 502 mfululizo bila kukosa hata mmoja na bila barakoa, rekodi ambayo hakuna kipa aliyeikaribia. Ndiye pia aliyezoesha mtindo wa kupiga magoti huku miguu imetanuliwa pembeni, unaoshusha uso wa kipa karibu kabisa na kisahani. Na kabla ya michezo alitapika. Ilikuwa desturi yake, wenzake waliijua, hakuificha. Mtu yule alibeba hofu yake tumboni mwaka baada ya mwaka na bado akatoka kwenda kusimama langoni. Ule ni ujasiri, na ni wa hali ya juu. Ninachokipinga ni dai kwamba ujasiri huo ulihitaji uso mtupu, au kwamba mchezo ungepungukiwa na kitu laiti Hall angefunikwa. Tazama alichofanya alipopata hiari: mwaka 1968, akiwa St. Louis, timu zikiwa zimeongezeka na nafasi za kazi pia, alivaa barakoa.

Wapo wanaosema pia kwamba barakoa iliwafanya wapigaji wasijali kupiga juu, na kwamba kofia ngumu zimewafanya wachezaji wa leo wakumbane bila huruma. Nakubali kwamba kinga huwapa watu ujeuri. Lakini hoja hiyo inadhani kwamba zamani uso mtupu ulimlinda kipa kwa kuwatia wapigaji huruma, na ushahidi hausemi hivyo. Miaka mingi baada ya usiku ule wa New York, Bathgate alieleza kwamba mkwaju wake haukuwa bahati mbaya. Plante alikuwa amemwangusha kwenye ukingo wa uwanja muda mfupi kabla, naye alirudi akaulenga uso makusudi. Na Bathgate hakuwa katili. Mapema mwaka 1960 lilichapishwa jaridani andiko lenye jina lake la kulalamikia wachezaji wanaochomana kwa magongo, kwamba siku moja mtu atauawa. Ligi ilimtoza faini ya dola 500 kwa kusema hivyo. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa huruma kati yao, na yeye ndiye aliyelenga.

Fainali ya mwaka 1970 iliwakutanisha Boston na St. Louis, na katika malango yake wamo wengi wa simulizi hili. Kwa Boston alisimama Gerry Cheevers, ambaye kila kisahani kilipogonga barakoa yake alichorewa juu yake mshono mweusi mahali ambapo ngozi ingechanika. Kufikia wakati huo ilikuwa imeshaanza kujaa mishono, kama uso wa Sawchuk katika ile picha, ila chini yake ngozi ilikuwa nzima. Kwa St. Louis walikuwapo Hall na Plante, wote wawili wazee, wote wamefunikwa. Katika mchezo wa kwanza mkwaju wa Fred Stanfield uliguswa njiani na Phil Esposito ukabadili mwelekeo, ukampata Plante kwenye paji la uso. Barakoa ilipasuka. Alipelekwa hospitali amezirai, na alipopata fahamu alisema ndiyo iliyomwokoa maisha. Mwaka uliofuata ndio ule aliofungwa 1.88.

Gump Worsley aliendelea kucheza uso wazi. Alizaliwa mwaka mmoja na Plante, na msimu ule wa 1959–60 yeye ndiye aliyekuwa kipa wa Rangers, mwenyeji wa ukumbi ule ule. Alikuwa akisema uso wake ndiyo barakoa yake. Mwaka 1974, akiwa na Minnesota, umri wake miaka 44, alivaa barakoa kwa michezo yake sita ya mwisho, kisha akastaafu. Tarehe 7 Aprili mwaka huo Andy Brown wa Pittsburgh alilinda lango uso wazi, na hakuna kipa mwingine wa NHL aliyefanya hivyo tena.